Mbio za urefu wa saa 3 Silverstone kwa GT3: mafuta, upepo wa tairi na muda wa piti hupangwaje?

lapu_ya_mwisho:
Wakuu, habari zenu. Ligi yetu ya simuleta (mchezo wa kompyuta wa mbio za magari, Assetto Corsa Competizione) inafunga msimu kwa mbio za saa 3 Silverstone, kwa mfano wa British GT (ligi ya magari ya GT ya Uingereza): magari ya madaraja mawili, GT3 yenye kasi zaidi na GT4, uwanjani pamoja, madereva wawili kwa kila gari, mmoja mwenye kasi ya kulipwa na mwingine wa ridhaa. Kanuni zetu ni hizi: kuingia piti (njia ya pembeni ya kuhudumia gari) angalau mara 2, kila kusimama kusipungue sekunde 110 kutoka mstari wa kuingia hadi wa kutoka, na kila dereva aendeshe si chini ya dakika 70. Kubadili dereva na kujaza mafuta kunaingia ndani ya sekunde hizo 110, na kuingia piti nyuma ya gari la usalama (linalotoka kupunguza kasi ya wote kukiwa na hatari uwanjani) kunaruhusiwa.

Takwimu za gari letu: tenki lita 120, lita 3.2 kwa lapu (mzunguko mmoja wa uwanja). Dereva wa kulipwa anazunguka kwa 2:00, wa ridhaa 2:02. GT4 wako kwenye 2:13 hivi, na wamejiandikisha 12.

Naomba kujua: tuanze na nani, tujaze mafuta kiasi gani, na upepo wa matairi upangwe vipi ikiwa mbio zinaanza mchana na kumalizika jioni?

Karibu_Copse:
Mkuu, kwanza tuelewe ligi mnayoiiga, maana hesabu zake zimejengwa juu ya dereva wa ridhaa. Katika mbio ndefu za British GT, nafasi ya kuanzia hupatikana kwa kujumlisha muda wa madereva wote wawili. Ukiwa na bingwa anayepata 1:59 na mwenzake 2:05, utaanza nyuma ya gari lenye 2:00 na 2:02. Halafu pointi: mbio za saa moja humpa mshindi 25, zile ndefu zaidi 37.5. Na ukimaliza kwenye tatu bora, mbio zinazofuata unaongezewa sekunde za kukaa piti. Kwa hiyo ubingwa huwaendea wawili ambao kwa pamoja hawapotezi, si lazima wenye lapu moja kali kuliko zote. Msimu wa 2018 ni mfano mzuri: Flick Haigh na Jonny Adam walitwaa taji kwa Aston Martin V12 Vantage ya timu ya Optimum, na Haigh akawa mwanamke wa kwanza kuwa bingwa wa jumla wa British GT. Adam alikuwa tayari bingwa wa 2015 na 2016, lakini bila mwenzake kuwa imara dakika zote za zamu yake, kasi hiyo ingeishia piti.

Sasa hesabu. Wastani wa lapu zenu ni 2:01, yaani sekunde 121. Saa 3 ni sekunde 10,800. Toa sekunde 180 kwa kusimama mara mbili (ile 110 haipotei yote, kwa sababu kipande cha uwanja sambamba na piti mngekipita hata hivyo; weka hasara ya 90 kila mara). Zinabaki 10,620, ukigawa kwa 121 unapata 87.8. Panga lapu 88.

Lapu 88 kwa lita 3.2 ni lita 281.6. Ongeza 3.2 za lapu ya kujipanga kabla ya mbio kuanza, ambayo wengi huisahau, na lita 2 za akiba. Jumla lita 287. Mnaanza na 120, kwa hiyo 167 zitagawanywa katika vituo viwili.

Tenki likijaa linawapa lapu 36 za mashindano baada ya ile ya kujipanga. Kwa wastani wa 2:01, hizo ni dakika 72 na nusu. Na kanuni inataka dereva wa ridhaa afikishe 70. Umeona ulivyobana? Aanze yeye na aende moja kwa moja dakika 70 hadi 72, kisha mwenzake achukue zamu mbili zilizobaki. Hapo wa kulipwa anaendesha kama dakika 108, ndiyo mgawanyo bora mnaoweza kupata bila kuvunja kanuni.

Usijaze mafuta kidogo ili utoke haraka. Huko kunaleta faida pale ambapo muda wa piti hauna kiwango cha chini. Kwenu sekunde 110 zimeshalipwa, mafuta hayaongezi hata moja. Kinachobaki ni uzito: lita moja ina takriban gramu 750, hivyo lita 35 zisizo na kazi ni kilo 26, nazo Silverstone hugharimu kama nusu sekunde kwa lapu mwanzoni mwa zamu. Kituo cha kwanza mtafika na lita 5 tenkini. Kwa zamu mbili sawa mngetosheka na 84, lakini wekeni 100. Zile 16 za ziada zinawapa uhuru wa kuchelewesha kituo cha pili hadi karibu dakika ya 134. Kituo cha pili jazeni kilichobaki tu, lita 67, na mkiwa mmepita nyuma ya gari la usalama mpunguze.

fundi_wa_diski:
Nijibu la upepo, ndilo linaloharibu mbio nyingi za mchana kwenda jioni.

Kwa tairi kavu za GT3 kwenye toleo la sasa la simuleta, lengo ni psi 26 hadi 27 tairi likiwa na joto la kazi. Kadiri hewa iliyo ndani inavyopoa, presha inashuka takriban psi 0.1 kwa kila nyuzi moja. Joto la mazingira likishuka nyuzi 6 kati ya zamu ya kwanza na ya tatu, seti uliyoipanga mchana itakuwa chini kwa psi 0.6 jioni. Kwa hiyo usinakili presha ileile kwenye seti zote tatu. Pima zamu ya kwanza, andika presha ya moto ya kila tairi baada ya lapu ya 6 au 7 (kabla ya hapo haijatulia), kisha kwenye ukurasa wa piti uongeze tofauti kulingana na utabiri.

Jambo la pili. Silverstone inazungukwa kisaa, na ndivyo zilivyo Oulton Park, Snetterton, Donington, Brands Hatch na hata Spa ya Ubelgiji, ambayo huingizwa kwenye kalenda ya Waingereza. Kona kali nyingi ni za kulia, hivyo upande wa kushoto ndio unaobeba gari. Kona za Copse na Stowe hulipika tairi la mbele kushoto. Ukianza na presha sawa pande zote, kushoto itapanda kuliko kulia. Anza kushoto ikiwa chini kidogo, kiasi cha psi 0.4 hadi 0.6, ili zikutane zikipata moto. Dalili za kukosea hazifichiki: presha ikizidi, gari linakosa mshiko katikati ya kona na tairi linakwisha katikati, ikipungua, ukuta wa tairi unajikunja, gari linachelewa kuitikia usukani na kingo zinachemka.

Mvua ikishuka, lengo ni psi 30. Tairi la mvua linahitaji mifereji yake ibaki wazi ili ikate maji, na yale maji yenyewe yanalipoza, hivyo lazima lianze juu. Kosa la kawaida ni kulisahau uwanja unapokauka: lapu tatu bila maji zinatosha kulimaliza. Dereva atafute sehemu zenye maji kwenye mnyoofu wa Hangar Straight alipoze tairi hadi zamu ya piti ifike.

Breki: chagueni pedi namba 2, ni za mbio ndefu. Namba 1 huuma vizuri zaidi lakini huisha upesi, na pedi ikishakuwa nyembamba haizuii tena joto lisifike kwenye pistoni. Kwenye gari halisi hapo ndipo mafuta ya breki yanapochemka, mapovu yanaingia kwenye mfumo na pedali inazama hadi sakafuni. Mafundi wa Britcar (mbio ndefu za Uingereza) wanalijua vizuri hili, kwa sababu kule GT na saluni (magari ya kawaida ya abiria yaliyogeuzwa ya mbio) hukimbia uwanja mmoja kwa muda mrefu, na saluni za kuvutwa na magurudumu ya mbele humaliza pedi na matairi ya mbele wakati ya nyuma hayajaguswa sana. Kwenye gari la namna hiyo, unapima pedi za mbele kila kituo kirefu, na unabadilisha mafuta ya breki mapya kabla ya kila wikendi hata kama yanaonekana safi, maana yanavuta unyevu hewani na kiwango chake cha kuchemka kinashuka kimyakimya. Namkumbusha pia anayeendesha: akitoka piti asisimame na mguu juu ya pedali wakati diski ni za moto.

lapu_ya_mwisho:
Shukrani sana, wakuu. Nimeingiza namba zote. Swali moja limebaki: gari la usalama likitoka dakika ya 50, wakati dereva wa ridhaa bado yuko ndani na hajafikisha 70. Wengine wote watakimbilia piti. Tufanyeje?

Karibu_Copse:
Swali zuri, na jibu lake linahesabika.

Nyuma ya gari la usalama lapu inachukua kama sekunde 200 badala ya 121. Zile sekunde 90 mnazopoteza piti, wapinzani watazitumia kusogea lapu 0.45 tu, ambayo kwa kasi ya mashindano ni sekunde 54. Kwa hiyo kuingia wakati huo kunaokoa sekunde 36.

Lakini kuna gharama. Mkiingia dakika ya 50, dereva wa ridhaa abaki ndani, apewe mafuta na matairi tu, kwa kuwa hajatimiza dakika zake. Kituo cha pili hakiwezi kuwa kabla ya dakika ya 108, maana tenki moja halivuki dakika 72. Yaani wa ridhaa ataendesha dakika 108 na wa kulipwa 72, kinyume cha mpango. Dakika 36 za tofauti ni kama lapu 18, kila moja polepole kwa sekunde 2. Mnapoteza sekunde 36. Imelingana kabisa.

Kwa namba zenu, basi, uamuzi uko kwenye ile tofauti ya sekunde 2. Kama siku hiyo wa ridhaa amekaribia hadi 1.5, ingieni. Kama yuko 2.5 au zaidi, bakini nje, mshukuru kwamba mafuta yanatumika kidogo nyuma ya gari la usalama, na mumwache amalize dakika zake 70. Jambo la kuepuka ni kumtoa dakika ya 50 mkidhani mtamrudisha baadaye. Atadaiwa dakika 20 nyingine, na mkitaka aendeshe hizo 20 tu, mtalazimika kuongeza kituo cha tatu, na hapo zinaondoka sekunde 90.

Gari la usalama likija kati ya dakika 70 na 72, mshaneemeka. Likija dakika ya 60, tumieni hesabu hiyohiyo.

Zuhura_GT4:
Naongezea la msongamano, maana sijaona limeguswa. GT3 ya 2:00 inaipata GT4 ya 2:13 kila baada ya lapu 10 hivi. Kwa lapu 88 na GT4 kumi na mbili, hiyo ni zaidi ya mara 100 za kupita gari jingine. Kila mara ukipoteza sekunde 1 badala ya 0.3, kwa jumla umepoteza zaidi ya dakika moja. Hakuna mpango wa mafuta utakaoirudisha.

Sehemu za kupita ni Wellington Straight kuingia Brooklands, na Hangar Straight kuingia Stowe. Kwenye kona za mfululizo za Maggotts, Becketts na Chapel msiwaguse kabisa. Sisi GT4 pale tuna mstari mmoja tu, gari ni zito, na tukisogezwa kwenye kona ya pili ya mfululizo ule tunatoka nje sote wawili. Ukitukuta kwenye mlango wa Maggotts, achia gesi kidogo mapema, tuache tupite Chapel, halafu utoke na kasi kamili kwenye Hangar. Unapoteza sehemu ndogo ya sekunde. Ukijibana ndani Becketts, unatoka Chapel polepole na hasara inakufuata mita zote za ule mnyoofu.

Copse inahitaji uamuzi wa mapema. Kama hujawa sambamba na mlango wetu kabla hatujageuza usukani, subiri. Washa taa mara moja ukiwa nyuma, si mfululizo. Mara moja inatuambia upo, mfululizo unatuchanganya tusijue unataka upande gani. Dereva wa GT4 naye asihame mstari wake kukupisha, awe anatabirika tu, na wewe ndiye uzunguke. Mwelezeni hivyo dereva wenu wa ridhaa kabla ya mbio, kwa sababu zamu ya kwanza ndiyo yenye GT4 wote 12 bado uwanjani, na atawafikia wa mwisho wao karibu lapu ya 9 au 10, wakiwa wamejipanga mstari mmoja.