Naombeni ushauri: nipange chumba karibu na chuo au niendelee kutokea nyumbani?

Mwanga wa Jioni (mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu. Mimi ni binti wa mwaka wa kwanza, muhula wa pili, katika chuo ambacho wanafunzi walio wengi hutokea majumbani mwao asubuhi na kurudi jioni. Nilikichagua kwa sababu kina kozi niliyoitaka, na pia kwa sababu nyumbani hatukuwa na uwezo wa kubeba ada na malazi kwa pamoja. Kwenda ni zaidi ya saa moja. Kurudi hutegemea foleni.

Safari nimeizoea. Kinachoniumiza ni namna tunavyotazamwa. Wenzangu niliomaliza nao sekondari wako katika vyuo ambavyo karibu kila mtu anakaa hosteli, na tukikutana likizo maneno huanza: kwamba changu ni "chuo cha abiria", kwamba mimi bado niko sekondari isipokuwa nimeacha kuvaa sare, kwamba maisha ya chuo nitayasikia kwa wengine. Ndani ya chuo nako kuna matabaka. Wachache waliopanga vyumba nyuma ya kampasi wanajuana, wanakaa safu moja kwenye mihadhara, na kazi za vikundi huzipanga usiku chumbani kwa mmoja wao. Hivi karibuni nilifika asubuhi nikakuta kazi yetu imekwisha kugawanywa na mimi nimeachiwa kuchapa jalada na orodha ya marejeo. Aliyenieleza hakuwa na ubaya wowote. Alisema tu, "Wewe si huwa unawahi gari?"

Sasa kuna mwenzangu anatafuta mtu wa kuchangia naye chumba. Baba hakatai, lakini amesema wazi kwamba kodi nitaitafuta mwenyewe. Kuna kazi ya jioni ya kupokea simu za wateja, siku tano kwa wiki, ambayo ingelipa kodi na kubakiza kidogo. Mama anaamini natafuta uhuru tu. Nimefikiria pia kuomba uhamisho kwenda chuo cha kukaa hosteli, ingawa nitalazimika kurudia baadhi ya masomo niliyokwisha kufaulu. Naombeni ushauri, hasa kutoka kwa waliopitia hali hii.

Kisiki cha Mpingo

Mdogo wangu, hao marafiki wanakutania, na utani wa likizo haulipiwi kodi ya nyumba. Cheti chako hakitaandikwa ulikuwa unalala wapi. Soma, maliza, uone kama kuna mwajiri atakayekuuliza habari za hosteli.

Bahari Tulivu

Naomba kutofautiana na Kisiki cha Mpingo, kwa sababu jibu lake ndilo tunalopewa siku zote sisi tuliotokea nyumbani, na linaacha nusu ya tatizo palepale lilipo. Mleta mada ameeleza mambo mawili tofauti ndani ya malalamiko moja. La kwanza ni kudharauliwa na watu ambao hawamzidi kitu. La pili ni kupewa jalada na marejeo huku wenzake wakigawana kazi yenyewe. Hilo la kwanza linauma, lakini halimpunguzii maarifa. Hilo la pili linampunguzia, na wala halitokani na dharau. Linatokana na ukweli kwamba uamuzi ulifanyika saa ambayo yeye alikuwa barabarani.

Wataalamu wa elimu ya juu wamelijadili jambo hili kwa miongo mingi. Vincent Tinto wa Marekani aliandika mwaka 1975 kwamba mwanafunzi hubaki au huacha chuo kutegemea, kwa sehemu kubwa, jinsi anavyounganika na masomo yenyewe na pia na watu wa pale chuoni. Mwenzake Alexander Astin, aliyekuwa akifuatilia wanafunzi wengi kwa miaka mingi, aliona kwamba wanaoishi chuoni wana uwezekano mkubwa zaidi wa kumaliza. Sharti tuongeze, hata hivyo, kwamba anayeweza kulipia malazi mara nyingi ana nafuu nyingine nyumbani kwao, kwa hiyo si haki kukipa kitanda cha hosteli sifa zote za matokeo hayo.

Nasema haya ili dada yetu asijione mwepesi wa kuumia. Anachokikosa ni kitu halisi. Swali ni kama chumba ndicho kitakachomrudishia, na hapo bado sijashawishika.

Mhadhiri wa Zamani

Binti yangu, nimefundisha katika vyuo vya aina zote mbili, na ningependa ujue dharau hii inatoka wapi, maana ukijua asili yake haitakutisha sana.

Ilitoka kwenye vyuo vichache vikongwe vilivyojengwa kama jumuiya za watu wanaoishi, wanaokula na wanaosoma pamoja. Hadi leo mwanafunzi wa shahada ya kwanza wa Oxford hutakiwa kuishi ndani ya maili 6 kutoka Carfax, njia panda ya katikati ya mji, na wa Cambridge ndani ya maili 3 kutoka kanisa la Great St Mary's. Kwao, kuishi pale ni sharti la masomo. Vyuo vingine vilipotaka kufanana navyo, viliiga na makazi, na polepole watu wakaanza kukitazama chuo kisicho na hosteli kama chuo kilichopungukiwa. Lakini huo ni mtindo mmoja tu. Nchini Italia, ambako Chuo Kikuu cha Bologna kinahesabu umri wake tangu mwaka 1088, wanafunzi wengi wanaishi na wazazi wao na hakuna anayewaona nusu wanafunzi. Birkbeck ya London, iliyoanza mwaka 1823 kwa ajili ya watu wa kazi, ilijijengea jina kwa kufundisha jioni, na wanafunzi wake wakimaliza vipindi wanarudi kwao.

City College ya New York ilianzishwa mwaka 1847 kwa ajili ya vijana ambao wazazi wao hawakuwa na fedha za kuwapeleka mbali, na kwa sehemu kubwa ya historia yake wanafunzi waliingia asubuhi na kutoka jioni kama wewe. Jonas Salk, aliyekuja kutengeneza chanjo ya polio, alihitimu pale mwaka 1934. Sikutajii jina hilo ili nawe uone ni lazima uvumbue chanjo. Nakutajia kwa sababu watu wanaocheka vyuo vya namna hii hawajui vimetoa nani. Na mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Illinois kilifungua kampasi mjini Chicago pembeni kabisa ya makutano ya barabara kuu, hata kikapewa jina la makutano hayo, kwa kuwa walengwa walikuwa wanafunzi wa kutokea nyumbani. Mabweni yalikuja baadaye sana.

Jambo moja la ndani, la upande wetu wahadhiri. Hatujui nani analala wapi. Tunamjua anayebaki dakika chache baada ya kipindi na kuuliza swali linaloonyesha kwamba amesoma. Wengi wa wanaokimbilia gari hatuwajui kwa sura hadi wanapokuja kuomba barua ya utambulisho, na barua ya mtu usiyemjua huwa fupi.

Hesabu Kwanza

Nimesoma michango yote, ni mizuri, lakini naona tumeiruka kazi ya jioni. Mleta mada, tafadhali jibu haya kabla hatujaendelea. Kazi inaanza na kuisha saa ngapi? Huyo mwenzako akiondoka katikati ya mwaka, kodi nzima itakuwa juu ya nani? Na wakati wa mitihani unaweza kupunguziwa zamu?

Mwanga wa Jioni (mleta mada)

Nashukuru sana, Mhadhiri, na wengine wote. Kwa Hesabu Kwanza: zamu ni kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa nne usiku. Mkataba wa chumba utakuwa na majina yetu wote wawili, kwa hiyo nadhani akiondoka nitadaiwa mimi. Kuhusu mitihani sikuuliza.

Hesabu Kwanza

Basi tazama ulichokiandika. Vikundi vinakutana usiku, na wewe usiku utakuwa kazini. Unapanga kununua zile saa za jioni kwa kodi, kisha unaziuza saa hizohizo ili upate hiyo kodi. Utakuwa umehamia nyuma ya kampasi na bado kazi itagawanywa bila wewe, tofauti ikiwa ni kwamba safari hii hutakuwa na sababu ya gari. Jumamosi utalala kufidia usingizi, na kitakachosingiziwa kitakuwa chumba.

Kama lazima ufanye kazi, tafuta ya saa chache ndani ya chuo chenyewe: maktaba, maabara ya kompyuta, ofisi yoyote inayochukua wanafunzi. Huyu Astin aliyetajwa na Bahari Tulivu aliona pia kwamba kazi ya saa chache ndani ya chuo humsaidia mwanafunzi kubaki, ilhali kazi ya kutwa nzima nje ya chuo humvuta kwenda nje. Yako si ya kutwa, lakini siku tano kwa wiki inaelekea hukohuko.

Uhamisho sitauzungumzia sana. Kurudia masomo uliyofaulu ili rafiki zako wanyamaze ni gharama ambayo hakuna hesabu itakayoikubali.

Mama Wawili

Mwanangu, mimi nilitokea nyumbani miaka yote ya shahada, na ninavyoona, wenzangu hapa wameisahau nyumba yenyewe. Ukiishi chuoni, hakuna anayekutuma. Ukiishi nyumbani, kila mtu anaona upo. Unafika umechoka, mgeni amekuja, mdogo wako ana kazi ya shule, na ukifungua daftari unaulizwa kama umeshaosha vyombo. Hakuna anayefanya hivyo kwa ubaya. Machoni mwao mwanafunzi anayelala kitanda kilekile cha tangu sekondari ni mtoto wa sekondari. Ndiyo maana mama yako naye anafikiri unatafuta uhuru, na kusema kweli kidogo unautafuta, wala si dhambi.

Nilichofanya ni kuacha kuomba uhuru kwa jumla na kuomba kitu kinachoonekana. Niliwaambia wazazi kwamba siku mbili za wiki nitabaki maktaba hadi usiku wa saa fulani, nikawapa ratiba ya vipindi waibandike ukutani, na nikakubali kazi za nyumbani za siku zilizobaki bila kunung'unika. Siku hizo mbili nilikula chuoni, nikasoma chuoni, nikawa nafahamika. Watu walizoea kwamba Jumanne nipo, na mikutano ya vikundi ikaanza yenyewe kusogezwa Jumanne.

Kuhusu kikundi, usilalamike baada ya kazi kugawanywa. Siku mhadhiri anapotangaza kazi, kabla watu hawajanyanyuka kwenye viti, sema: "Tukutane kesho kwenye nafasi kati ya vipindi, dakika ishirini, tugawane." Anayetaja saa kwanza ndiye anayepata saa yake, kwa sababu wengine huwa hawajafikiria. Omba pia sehemu yenye uzito ambayo unaweza kuiandika ukiwa mbali, kama vile uchambuzi au hitimisho, nao watakutafuta wewe badala ya wewe kuwatafuta wao.

Na uliza kama chuo kina makabati ya kukodi. Kubeba koti, vitabu na kompyuta kutwa nzima ndiko kunakomfanya mtu atamani gari la mapema kuliko uchovu wenyewe.

Jirani wa Kampasi

Nami niongeze upande wa pili, kwa kuwa niliishi hatua chache tu kutoka kwenye geti la chuo. Ule ukaribu ulinisaidia sana mwaka wa tatu, tulipokuwa na maabara zinazoisha usiku, na sikuwa na hofu ya kukosa usafiri. Mwaka wa kwanza ulinisaidia kulala hadi dakika ya mwisho na kuchelewa vipindi ambavyo watu wa mbali walikuwa wameshafika. Wapangaji wenzangu walinijua kwa jina na si zaidi ya hapo. Mleta mada, unasoma kozi gani? Na safari ya usiku kwako ni salama? Kama si salama, nitabadilisha msimamo na kukwambia uhame, hata kwa kukopa kwa ndugu.

Mwanga wa Jioni (mleta mada)

Nasoma uhandisi wa umeme. Safari ya usiku ni salama hadi kama saa tatu. Baada ya hapo magari huwa machache na baba hunifuata kituoni. Maabara ndefu kwetu zinaanza mwaka wa tatu. Nimezungumza na mama kuhusu siku mbili za maktaba na amekubali moja kwanza, "tuone". Kuna pia tangazo la wasaidizi wa maktaba kwa mwaka ujao wa masomo, nitaomba. Kilichobaki ni yule mwenzangu wa chumba, ambaye anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, na naona aibu kumwangusha.

Jirani wa Kampasi

Basi kwa sasa baki nyumbani, na mwaka wa pili ukianza nenda ofisi ya wanafunzi ukaulize nafasi za hosteli za mwaka wa tatu zinaombwa lini. Watu wengi huuliza wakati maabara zimeshaanza na vyumba vimekwisha.

Hesabu Kwanza

Mwenzako mpigie simu leo, usimwandikie ujumbe. Mwambie kwamba hutaweza kwa mwaka huu na kwamba sababu ni kodi. Usimwambie "tutaona", kwa sababu atakushikia nafasi hadi mwisho wa mwezi na kumpoteza mtu mwingine ambaye angelipa. Kama mnasoma darasa moja, mtajie jina la yeyote unayemfahamu anayetafuta chumba.