IST ya 2004 inamisi (inawaka kwa kukatakata) kwenye sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta), plagi na pampu vimebadilishwa na bado inatetemeka. Naombeni ushauri kabla sijanunua injini

Mama Pacha wa Goba

Wakuu, habari za jioni.

Nina Toyota IST toleo la 2004, injini 1300 (2NZ), namba D. Huu ni mwaka wa saba niko nayo. Ndiyo inayopeleka watoto shule na kunifikisha dukani Kariakoo, sina nyingine.

Tatizo lina wiki tatu. Nikiwasha asubuhi inatetemeka mwili mzima kama bajaji, mshale wa RPM unapanda na kushuka kati ya 500 na 800. Nikikanyaga mafuta inatulia kidogo, ila kupandisha vilima vya Makongo inavuta kwa kukatakata, kama mtu mwenye kwikwi. Kwenye foleni ya Mwenge nikiwasha AC usukani unanitikisa mikono. Mafuta yanaisha upesi, na nyuma kuna harufu ya petroli mbichi.

Nilichofanya mpaka sasa: fundi wa kwanza kaweka plagi 4 mpya. Wa pili akasema nozeli (vipulizia petroli) chafu, akaziosha. Wa tatu akasema pampu ya mafuta imechoka, nikanunua ya mtumba. Katikati hapo kuna aliyepima kwa kompyuta, ikatoka kodi ya kosa P0171, akaifuta, taa ya injini ikarudi kesho yake. Jumla imeshanitoka kama laki 4 na nusu. Juzi nikaambiwa injini imekufa, nitafute nusu injini.

Hiyo hela sina, na moyo wangu haujakubali. Naombeni mwenye ujuzi anisaidie.

Kijana wa Tabata

Pole sana dada. Mimi IST yangu ilifanya hivyohivyo, ikawa ni throto (mlango wa hewa ya injini) imejaa masizi. Nilisafisha ikatulia siku hiyohiyo. Anza na hapo.

Dereva wa Mandela Road

Nusu injini kwa gari inayowaka asubuhi, haitoi moshi na haichemshi? Usikubali, dada. Waulize wamepima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ikasoma ngapi. Kama hakuna namba waliyokuandikia, wamekisia.

Fundi Umeme Ilala

Dada habari. Nina maswali kabla sijasema lolote. Siku chache kabla ya tatizo gari ilifanyiwa nini? Ilipita kwenye maji? Injini iliogeshwa? Na taa ya injini inawaka ikatulia, au inapepesa?

Mama Pacha wa Goba

Fundi, asante kwa kunijibu. Taa inawaka imetulia. Jumamosi moja niliipeleka kuoshwa nikawaambia waoshe na injini, maana ilikuwa na mafuta mafuta juu. Waliipiga maji ya presha. Tatizo lilianza Jumatatu yake. Sikuwahi kuliunganisha na hilo, na hakuna fundi aliyeniuliza.

Fundi Umeme Ilala

Basi tuanzie hapo, na naomba usinunue kitu chochote kwa sasa.

Injini yako ina silinda 4, na kila silinda ina koili yake (inayotengeneza moto wa plagi) imekaa juu ya plagi, ndani ya tundu. Ili petroli iungue vitu vitatu lazima vikutane: moto wa plagi, hewa na petroli kwa kipimo chake, na mgandamizo ndani ya silinda. Mafundi wako mmoja alibadilisha kitu cha moto, wawili wakagusa vya petroli. Hakuna aliyeuliza ni silinda ipi isiyofanya kazi. Hilo ndilo swali la kwanza, na jibu lake halihitaji spea.

Mwambie fundi aliye karibu nawe afanye hivi. Gari iwake ipate moto, iwe kwenye P. Achomoe soketi ya nozeli ya silinda ya 1 (ya upande wa mikanda, yaani upande wa dereva), asikilize, airudishe. Kisha ya 2, ya 3, ya 4. Silinda nzima ukiikatia petroli injini inashtuka na mlio unabadilika. Silinda iliyokufa ukiikatia hutasikia tofauti, kwa sababu tayari haikuwa inafanya kazi. Sikilizeni sekunde zile za mwanzo kabisa, maana kompyuta huongeza hewa ili kurudisha sailensi, na mkichelewa mtadhani zote ziko sawa.

Wengi huchomoa soketi ya koili badala ya nozeli. Jibu watapata, ila ile petroli isiyoungua inakwenda mpaka kwenye masega ya ekzosi (yanayosafisha moshi) na kuungulia huko. Masega yakiyeyuka yanaziba, hapo gari inakosa pumzi kabisa na umejiongezea ugonjwa. Nozeli inakata petroli yenyewe, ndiyo maana naipendelea hata kama mkono unafika kwa shida.

Mkishaijua silinda, zimeni gari. Fungueni koili ya silinda ile, boliti moja tu ya spana namba 10, muibadilishane na ya jirani yake. Iwekeni alama kwa rangi ili msichanganye. Washeni, rudieni kipimo. Ubovu ukihama pamoja na koili, mwizi mmemkamata. Ukibaki palepale, hamisheni plagi. Ukibaki tena, nozeli. Ukikataa kuhama na vyote vitatu, hapo ndipo tunazungumza kompresheni.

Mkiitoa koili tazameni na tundu lenyewe kwa tochi. Maji? Kutu? Oili? Ulisema juu kulikuwa na mafuta mafuta, kwa hiyo nashuku gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) inavuja, na oili ikiingia kwenye matundu ya plagi inaozesha mpira wa koili. Kwenye mpira huo tafuteni ufa, au kamstari cheusi au cha kijivu. Moto wa koili ni wa volti maelfu mengi. Ukipata njia rahisi ya kutorokea pembeni kwenye chuma, hauendi kwenye plagi.

Mzee wa Carina

Fundi kasema vema. Niongeze kwa wenye gari za zamani zaidi ya hiyo, zile Carina na Corolla 110 zenye distribyuta (kigawa moto wa plagi). Sisi hatuna koili nne, tuna waya wa plagi, kifuniko cha distribyuta na rota ndani yake. Masika yakianza tu, gari inayomisi asubuhi na kupona jua likitoka mara nyingi ni unyevu kwenye hicho kifuniko au waya zilizopasuka.

Kipimo changu tangu ujana ni giza. Usiku, zima taa zote, washa gari, fungua boneti. Waya unaovuja utaona vicheche vya buluu vinaruka. Ukinyunyizia maji kidogo sana kwa chupa ya manukato vitaonekana zaidi. Ila usiushike waya kwa mkono injini ikiwa inawaka, moto wake unapiga vibaya, na mwenye matatizo ya moyo asikaribie kabisa.

Dereva wa Mandela Road

Fundi, nauliza kwa faida ya wote. Ile P0171 si inamaanisha petroli ni chache? Ndiyo maana yule akabadilisha pampu, au nakosea?

Fundi Umeme Ilala

Maana yake ni kwamba kompyuta inaona mchanganyiko umezidi hewa. Lakini inajuaje? Kwa sensa ya oksijeni iliyoko kwenye ekzosi. Sasa silinda isipowaka, hewa yake yote inatoka ikiwa na oksijeni ambayo haikuungua. Sensa inaiona, inaripoti hewa nyingi, na kompyuta inaongeza petroli kwenye silinda zote, hata zilizo nzima. Ndiyo maana dada anasikia harufu na mafuta yanaisha. Kodi ilikuwa inasema kweli kuhusu ekzosi, aliyeisoma ndiye aliyeipeleka kwenye pampu.

Inaweza pia kuwa hewa inaingia kwa wizi, mfano mpira wa vakyumu uliochanika au gasketi ya intake manifoldi (njia za kuingiza hewa kwenye silinda) iliyokakamaa. Hizi injini za NZ zinaujua huo ugonjwa, hasa zikiwa za baridi asubuhi. Lakini maliza kwanza silinda iliyokufa, ndipo usome kodi upya.

Na wenye tabia ya kufuta kodi kabla ya kuiandika wanatuharibia kazi. Piga picha kwanza. Zile za P0301 mpaka P0304 zinakutajia silinda moja kwa moja, P0300 inasema ni zaidi ya moja au inahamahama. Dada, taa ikianza kupepesa wakati unaendesha, punguza mwendo, egesha, usiendelee hivyo mpaka Kariakoo. Hapo masega yanaungua.

Mama Pacha wa Goba

Wakuu, nimerudi na majibu. Leo asubuhi kabla ya kufungua duka nilimwita kijana mmoja fundi wa hapa mtaani, nikamsomea maelekezo ya fundi neno kwa neno kutoka kwenye simu.

Tulichomoa nozeli ya 1, gari ikashtuka nusura izime. Ya 2, kimya, hakuna kilichobadilika. Ya 3 na ya 4 zikashtuka. Tukazima, koili ya 2 nikaipaka rangi ya kucha nyekundu, tukaibadilishana na ya 3. Kuwasha tena, sasa ya 2 inashtuka na ya 3 ndiyo iko kimya!

Kwenye tundu la 2 kulikuwa na unyevu na kutu ya kahawia pembeni ya plagi, plagi yenyewe ina wiki tatu tu. Mpira wa koili una ufa mwembamba kama unywele. Tundu la 4 lina oili kidogo.

Kwa kweli nilikaa chini nikashika kichwa. Wiki tatu, kumbe ni koili moja.

Kijana wa Tabata

Mimi niliyesema throto nimejifunza leo. Hongera dada kwa uvumilivu.

Fundi Umeme Ilala

Hongera kwako na kwa huyo kijana, mlete aje kujifunza zaidi. Sasa fanyeni hivi:

Futeni unyevu wote kwenye matundu kwa kitambaa kikavu na upepo wa kompresa *kabla* ya kufungua plagi, uchafu usiangukie ndani ya silinda. Plagi ya 2 toeni muikague, gepu (nafasi kati ya ncha zake) iwe 1.1 mm. Kama kauri yake ina mstari mweusi au ufa, badilisheni hiyo moja.

Koili nenda nayo mkononi kwenye maduka ya spea ya Gerezani, jirani na Kariakoo, usiende kwa jina la gari. Linganisha namba zilizochongwa juu na soketi yenye pini nne. Kwa uzoefu wangu, ya mtumba iliyotoka Japani inadumu kuliko mpya ya bei ya chini. Feki zipo nyingi, unaiona kwa wepesi wake na maandishi yanayofutika kwa kidole. Kubaliana na muuzaji kuijaribu kwanza.

Gasketi ya tapeti kava na sili za matundu ya plagi zibadilishwe mwezi huu. Usipofanya hivyo ya 4 itafuata.

Na injini isioshwe tena kwa presha. Kitambaa, brashi na mafuta ya taa kidogo injini ikiwa imepoa vinatosha.

Dereva wa Mandela Road

Na ubovu ungekataa kuhama, kompresheni ingetakiwa isome ngapi?

Fundi Umeme Ilala

Kwa 1NZ, ndugu yake wa 1500, nzima inasoma karibu kilo 15 kwa sentimita ya mraba, ikishuka chini ya 11 imechoka, na tofauti kati ya silinda isizidi 1. Plagi zote zitolewe, soketi za nozeli zichomolewe, mafuta yakanyagwe mpaka mwisho wakati wa kupiga stata. Iliyo chini unaitia kijiko cha oili na kupima tena: ikipanda ni ringi za pistoni, isipopanda tazama valvu. Asiyekupimia hivyo asikuuzie injini.

Mama Pacha wa Goba

Koili imefungwa jana. Asubuhi imewaka mara moja, mshale umesimama kwenye 700 hautikisiki, Makongo nimepandisha na watoto wote ndani bila kwikwi. Kodi imefutwa na siku ya pili hii haijarudi. Mungu awabariki, nasema kutoka moyoni.

Limebaki dogo. Nikiwa kwenye D nimekanyaga breki na AC inawaka, bado kuna mtetemo kwenye kiti na usukani. Nikiweka N unaisha. Je, ni koili nyingine?

Fundi Umeme Ilala

Hapana. Injini ikimisi, inamisi ukiwa D na ukiwa N. Mtetemo unaokuja kwenye D na kuondoka kwenye N, huku mshale umetulia, mara nyingi ni maunti za injini (mipira inayoishikilia kwenye bodi). Mpira umekufa, injini inagusa bodi.

Mtu akae ndani, akanyage breki kwa nguvu, abadilishe D na R taratibu, mbele ya gari pasisimame mtu. Wewe simama pembeni boneti ikiwa wazi, utazame injini inaruka kiasi gani. Kisha mulika ile maunti kubwa ya upande wa dereva. Hiyo ina maji ndani, ikipasuka utaona imelowa nyeusi kwa chini.

Mama Pacha wa Goba

Nimemulika sasa hivi. Imelowa.

Fundi Umeme Ilala

Basi ndiyo hiyo. Haina haraka kama koili, subiri mwisho wa mwezi uibadilishe pamoja na gasketi, ulipe ufundi mara moja. Piga picha ya kibati cha namba ya chesesi kilichomo ndani ya boneti uende nayo dukani, ili wakupe inayoingia.