Wajukuu wanakuja Marangu kwa wiki mbili: tuzigawanyeje siku hizi?

Babu wa Kihambani

Wanajamvi, habari za leo. Mimi ni mwalimu mstaafu ninayeishi Marangu pamoja na mke wangu. Mwezi Desemba tunatarajia kumpokea kijana wetu anayefanya kazi Uingereza, mkewe, na watoto wao wawili, wa kike mwenye miaka 9 na wa kiume mwenye miaka 6. Yule wa kike tulimbeba akiwa mchanga. Wa kiume hatujawahi hata kumshika mkono, ingawa kila Jumapili jioni tunamwona kwenye simu, na kuku mmoja wa bibi yake amekwisha kumpa jina, jambo ambalo limemwokoa kuku huyo na kisu hadi leo.

Shida yangu si malazi wala chakula. Shule zao hufungwa kwa wiki mbili tu, na ukitoa siku za safari zinabaki kama 11. Mnaoijua Desemba ya Uchagani mnaelewa: barabara ya kutoka Himo inajaa magari, kila nyumba ina watu waliorudi kwao kwa sikukuu, kama tusemavyo, "kuhesabiwa", na kila tawi la ukoo linataka wageni wapite kwake, wakae, wale, wasiondoke bila kuonja cha pale. Tayari nimeletewa mialiko sita, na shemeji yangu mmoja amekwisha kununua mbuzi. Kijana wangu naye anapendekeza siku tatu za kwenda kuona wanyama. Nikijumlisha yote hayo, naona mimi na mke wangu tutabaki na wajukuu usiku wakiwa wamelala. Zaidi ya hapo, watoto wanaelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, ambacho mimi nakijua na bibi yao hakijui. Mliowahi kupokea wajukuu wa namna hii, mlifanyaje ili nanyi mfurahie, badala ya kuwa waandaaji wa shughuli?

Mama wa Wawili

Shikamoo Babu. Mimi naandika kutoka upande wa pili, kwa kuwa naishi Leicester na ndiye ninayewapeleka watoto kwa wazazi wangu kule Same. Safari ya kwanza tulizungushwa nyumba kwa nyumba, watoto wakala pilau mpaka wakaanza kuikimbia, na tuliporudi hawakuweza kutofautisha shangazi huyu na yule. Mama yangu aliniambia kwa simu, bila kunilaumu, kwamba hakupata hata nafasi ya kumsuka mjukuu wake. Neno hilo liliniuma.

Safari ya pili niliomba siku nne za mwanzo zisiwe za mtu mwingine yeyote. Hatukupanga lolote. Mama alikuwa akipeta maharage ya makande, watoto wakamwomba ungo, wakamwaga nusu yake chini, kuku wakafaidi. Siku iliyofuata aliwapaka mafuta mikononi ili utomvu usiwagande, akawafundisha kumenya ndizi mbichi. Binti yangu hadi leo akiona ndizi mbichi dukani huku anauliza yako wapi mafuta.

Kuhusu lugha nina ombi moja, Babu, na unisamehe kwa kumwelekeza mwalimu: usiwe mkalimani. Nyumba ikiwa na mtu mmoja wa kutafsiri, mtoto hupitia kwake kila mara, na bibi hubaki akitazama midomo. Baba yangu aliposafiri siku mbili kwenda Moshi, ndipo mwanangu alipolazimika kumwambia bibi yake kwa Kiswahili kwamba ana njaa, na hakunyamaza tena. Ukiweza, tafuta kazi za kukutoa nyumbani asubuhi. Tena Desemba Uingereza iko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo siku za mwanzo watakesha na kuchelewa kuamka, na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, itakuwa imekwisha kujifunika mawingu kabla hawajatoka kitandani. Msiwaamshe, mlima hauhami.

Muuguzi Mstaafu

Naongeza machache ya afya, kwa sababu furaha ya namna hii huharibiwa na homa. Huko juu Marangu malaria si nyingi kama tambarare, lakini wakishuka Moshi mjini au wakienda kuona wanyama hali ni nyingine. Watoto waliozaliwa Ulaya hawana kinga yoyote, na hata baba yao, aliyekulia hapo, kinga yake imepungua baada ya miaka mingi huko. Dawa za kujikinga huanzwa kabla ya safari na huendelea baada ya kurudi, hivyo wamwone daktari wao mapema, na chandarua kitumike bila kuona haya. Mtoto akipata homa, hata miezi kadhaa baada ya kurudi Uingereza, wazazi wamweleze daktari kwamba alikuwa Tanzania. Maji yachemshwe. Kuhusu kisusio, waonyesheni kwanza, kisha waamue wenyewe. Nimeshuhudia mtoto aliyeambiwa ni mchuzi tu, na alipogundua ni damu ya mbuzi hakugusa tena chungu chochote cha bibi yake mpaka walipoondoka.

Meku wa Rombo

Mwalimu, nakubaliana na mama wa Leicester nusu nusu. Siku nne za kujifungia ni nyingi ukiwa na 11, na ukoo ukiona mlango umefungwa utasema kijana amewekwa kabatini. Watoto hawa wanahitaji pia kuyaona makaburi ya wazee pale kihambani, kwenye shamba la ukoo, na kumjua shangazi wa baba yao akiwa bado yu hai. Sisi mwaka juzi tuliwaita wote kwetu tarehe 26, siku moja, kila tawi likaja na chakula chake, wazee wakapata mbege yao, pombe ya ndizi, na mialiko yote ikawa imejibiwa. Gharama ilikuwa ndogo kuliko nauli za kuzungukia nyumba kumi. Mbuzi wa shemeji yako achinjiwe hapo hapo, na yeye apewe heshima ya kumgawa, maana aliyenunua mbuzi hanyamazishwi kwa maneno.

Babu wa Kihambani

Nawashukuru nyote. Tumekaa na mke wangu tukaamua siku tatu za mwanzo ziwe zetu, tarehe 26 ukoo wote uje hapa, na safari ya wanyama iwe ya siku moja, kwa kuwa kijana amekiri kwamba wanyama ulikuwa mpango wake kuliko wa watoto. Shemeji nimempelekea ujumbe wa mbuzi, naye amekubali kwa sharti kwamba nyama aigawe yeye mwenyewe.

Kuhusu ukalimani, mke wangu ameniambia nikamalizie ile kazi ya kupogolea kahawa ambayo nimeiahirisha tangu Agosti, nami sikuwa na la kujibu. Sasa anataka kujua kama mjukuu wa kiume anakula mtori, nami nitamuuliza Jumapili, au pengine nitampa bibi simu amuulize mwenyewe.