Mpwa wangu ni winga na amefiwa na mama yake. Nimpeleke akademi ya soka sasa au abaki kwa bibi?

MjombaWaWinga
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kulea mtoto wa marehemu.

Dada yangu alitutoka mwezi wa pili baada ya kuugua. Ameacha kijana mmoja wa miaka 14, winga wa kulia. Sisemi kwa kuwa ni damu yangu: akipokea mpira pembeni, beki wa kushoto anaanza kurudi nyuma kabla hajaguswa. Tangu msiba hajacheza. Njumu zake zinaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa bibi yake hapa Morogoro, na udongo wa mechi ya mwisho umekaukia kwenye meno. Bibi alitaka kuziosha, mtoto akamwambia, "Ziache hivyo hivyo."

Kuna akademi Dar iko tayari kumchukua bweni kuanzia Januari, na kocha wao ananipigia kila wiki. Mimi ni shabiki wa Dortmund ya Ujerumani tangu enzi za kocha Klopp, na muda wote namfikiria Kuba Błaszczykowski, yule winga wa Poland. Naye alimpoteza mama akiwa mdogo, na akafika mbali. Najiambia labda na huyu mpira utamponya. Ila mama yangu hataki hata kusikia habari ya mtoto kuondoka. Nifanyeje?

KipangaMsamvu
Pole sana mkuu, Mungu ampumzishe dada yetu. Mimi nasema mpeleke. Miaka 14 si midogo kwenye mpira, na akibaki pale kila kona itamkumbusha mama. Akademi atapata wenzake, ratiba, chakula cha uhakika na kocha anayemtaka. Nafasi kama hii haibishi hodi mara mbili.

KrosiYaMwisho
Pole mkuu. Kwa kuwa umemtaja Kuba, tumtazame vizuri, maana njia aliyopita yeye siyo hiyo unayotaka kumpitisha mwanao.

Kuba alizaliwa 1985, akakulia Truskolasy, kijiji cha karibu na mji wa Częstochowa. Mwaka 1996, akiwa na miaka 10, baba yake alimuua mama yake kwa kisu, na mtoto akashuhudia. Baba akafungwa. Kuba akaacha mpira. Aliyemchukua na kumlea pamoja na kaka yake ni bibi yao mzaa mama. Na aliyemrudisha uwanjani ni nani? Mjomba wake, Jerzy Brzęczek, ndugu wa mama yake. Huyo alikuwa nahodha wa Poland iliyochukua medali ya fedha ya Olimpiki Barcelona 1992, na baadaye akaja kuifundisha timu ya taifa. Yaani bibi nyumbani na mjomba kwenye mpira, sawasawa na mlivyo ninyi.

Sasa angalia miaka. Alianzia timu za watoto za Raków Częstochowa. Akiwa kijana alipita Górnik Zabrze, akarudi kwao, akawa anachezea KS Częstochowa daraja la nne. Wisła Kraków walimchukua mapema 2005, akiwa na miaka 19! Msimu huohuo wakabeba ubingwa wa Poland. Machi 2006 akaichezea timu ya taifa kwa mara ya kwanza, dhidi ya Saudi Arabia. Mwaka 2007 yuko Dortmund. Kutoka daraja la nne hadi Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, ni kama miaka miwili na nusu. Miaka 14 hajachelewa popote, mkuu.

KipangaMsamvu
Kuba ni mmoja. Wangapi wenye kipaji wameozea mchangani wakisubiri? Na Częstochowa walikuwa na viwanja, makocha na ligi zenye mpangilio. Sisi tunavyo?

KrosiYaMwisho
Hoja yako ina uzito na siipingi. Ndiyo maana sisemi akae tu. Atafutiwe timu ya vijana hapohapo Morogoro, yenye mwalimu mzuri, alale kwa bibi yake. Akademi nzuri itamtaka hata mwakani. Inayosema ni sasa au basi, mimi ningejiuliza inamtaka mtoto au inataka kitu kingine.

MamaDoi
Baba, pole. Mpira siujui, ila nimelea watoto wawili wa marehemu mdogo wangu. Yule mkubwa nilimpeleka bweni miezi mitatu baada ya mazishi, nikidhani namsaidia. Akawa hali, halali, mpaka matron akaniita nikamchukue. Aliniuliza swali moja tu kwenye basi: "Mama mkubwa, na wewe umenichoka?" Sijalisahau mpaka leo.

Huyo mtoto amesema njumu zisioshwe, kwa hiyo hajauacha mpira. Je, mama yake alikuwepo kwenye hiyo mechi ya mwisho? Muulize taratibu, mkiwa wawili. Na hiyo habari ya Kuba na kisu usimsimulie sasa. Siku akiitafuta mwenyewe, uwe karibu.

BekiMbiliUjerumani
Nawasoma nikiwa Dortmund, naishi huku. Huyu bwana hapa hawamwiti Błaszczykowski, ni Kuba tu, na mgongoni mwa jezi iliandikwa hivyohivyo. Alichukua Bundesliga 2011 na 2012 na Kombe la Ujerumani 2012, akiwa na Wapoland wenzake Piszczek na Lewandowski. Kulia, Piszczek akipanda nyuma yake, beki wa watu alikuwa hajui amfuate nani.

Ila mleta mada, hapo uliposema mpira utamponya, nina neno. Mwaka 2012, muda mfupi kabla ya Euro, kombe la mataifa ya Ulaya, iliyochezwa kwao, baba yake alifariki. Kuba akaenda kuzika, ndipo akajiunga na kambi, naye ndiye nahodha. Tarehe 12 Juni pale Warsaw, Urusi wanaongoza 1-0. Akapokea upande wa kulia, akaingia ndani, akaachia shuti la mguu wa kushoto ambao si mguu wake. Kona ya mbali. Uwanja ulilipuka. Na kila akifunga alikuwa anatazama juu kwa mama yake. Miaka 16 ilikuwa imepita! Mpira haukumfuta mama kichwani, ulimpa tu mahali pa kumkumbuka.

Na njia yenyewe haikunyooka. Euro 2008 aliikosa kwa jeraha, Piszczek akaitwa kuziba nafasi yake. Januari 2014 goti likakatika kano dhidi ya Augsburg. Akaenda Fiorentina kwa mkopo, kisha Wolfsburg. Euro 2016 aliwafunga Ukraine na Uswisi, halafu robo fainali na Ureno penati yake ikapanguliwa, Poland wakatoka. Siku kama ile mchezaji anahitaji mtu wa kumpigia simu. Kijana wako atampigia nani akiwa bweni na miaka yake 14?

Wisła ilipokaribia kufilisika, alirudi mwaka 2019 akacheza kwa zloti 500 (pesa ya Poland) kwa mwezi, na yeye na wenzake wawili wakaikopesha klabu zloti milioni 4. Juni 2023 Poland wakamuaga dhidi ya Ujerumani, mechi ya 109, akatolewa dakika ya 16 kwa sababu ya namba ya jezi yake. Timu zote mbili zikapanga mstari kumpigia makofi.

MjombaWaWinga
Nimesoma yote, mengine nimerudia mara mbili. Mama Doi, nimemuuliza kama ulivyoniambia. Alikuwepo. Dada alitoka kitandani siku ile, akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na kibendera cha kona, upande anaochezea mwanawe. Mimi sikujua, nilikuwa safarini.

Kocha nimempigia asubuhi, nikamwambia Januari haiwezekani, tuongee mwakani. Amekubali, ila hakufurahi. Mama nimemwambia mtoto haendi popote, akanyamaza, kisha akaenda kuchemsha chai.

Jana jioni dogo amenifuata uani kuniuliza kama Jumamosi nina nafasi. Anataka twende tukapige krosi, mimi na yeye tu. KrosiYaMwisho, ukimjua mwalimu mzuri wa vijana hapa mjini, niandikie pembeni.

KrosiYaMwisho
Yupo mmoja, nakutumia namba sasa hivi. Ila Jumamosi hii nendeni wawili.