Naomba ushauri: kromu inakataa kwenye viungo vya risasi, vipande vya letoni vya boti kadogo

mtoto_wa_ziwa (Bukavu)
Bandugu jambo. Natengeneza boti kadogo ya mbao, urefu sentimita 60, mfano wa zile boti za abiria zinaendaka Goma, kipimo ni 1 kwa 50. Mbao imeisha, rangi imeisha, nimekwama kwa vipande vya letoni (shaba ya njano), zile nguzo za gardefu zinazuiaka mutu asianguke ndani ya maji. Ziko 28, kila moja sentimita 2, na fimbo mbili nyembamba zinapita ndani yake. Nachomelea na risasi ya mafundi redio, inashika vizuri. Shida ni kromu, ule utando wa kung'aa kama kioo. Nikichovya ndani ya dawa yake, mwili wa nguzo unang'aa muzuri, lakini pale kwenye kiungo inakuwa nyeusi kama masizi ya sufuria, na kwenye kona ya ndani inabaki njano, kromu haifiki kabisa. Nimesugua na msasa, nimeosha na ndimu, nimerudia mara tatu, bado. Mwenye boti anaitaka mwisho wa mwezi, silali vizuri. Nifanye nini ili risasi ikubali kromu?

fundi_redio_kadutu
Leki yangu, mimi niko na pasi ya kuchomelea mkononi miaka 22, tatizo lako linaanzia kwa moto. Wengi wanapashaka risasi, hapana, unapasha letoni yenyewe na risasi unaigusisha upande wa pili, ikiwa letoni imepata moto risasi inakimbia yenyewe ndani ya kiungo kama maji, inabaki kidogo sana nje. Ile risasi ya 60 kwa 40, bati 60 na plomu (risasi yenyewe) 40, inayeyuka karibu digri 190, si moto mkubwa. Ukiona imekaa juu kama kidonge ujue letoni ilikuwa baridi. Na viungo viwili vikiwa karibu, ile ya kwanza ifunike na kitambaa kibichi, ama sivyo unachomelea ya pili ile ya kwanza inaanguka. Nilikuwa na redio moja ya mama wa sokoni, nyaya zake zote ziko fasi moja, nilitumia pamba yenye maji na kibanio cha nguo, ile redio inaimba mpaka leo.

mtoto_wa_ziwa
Aksanti yaya. Lakini kuchomelea najua, viungo vyangu ni visafi. Ni kromu.

mwana_lshi (Lubumbashi)
Ee hapo kwa letoni mutuulize sisi watu wa Katanga. Letoni si kitu kingine, ni shaba na zinki, na shaba njo damu yetu, wazee wetu waliyeyusha shaba, wakatengeneza misalaba na kununulia vitu mbele mzungu hajafika. Ushauri wangu acha hiyo risasi laini, tumia lehemu ya fedha ya masonara na boraksi, ule unga wa kusaidia lehemu ishike, inayeyuka kama digri 650 hivi, na letoni yenyewe inavumilia mpaka karibu 900, uko na nafasi lakini usilale, nimeona letoni inageuka uji mbele ya macho yangu kwa sababu mutu aliangalia simu. Lehemu ya fedha inapokea nikeli na kromu vizuri kuliko risasi. Mimi mwenyewe nilimtengenezea mke wangu hereni kwa njia hiyo, mpaka leo anazivaa kanisani.

mkemia_mstaafu (Lubumbashi)
Kijana, mimi sijaelewa kitu kimoja. Umeandika "nikichovya". Unachovya ndani ya nini? Na fasi gani?

mtoto_wa_ziwa
Papa, dawa ya kromu nilipata kwa mutu alifanyaka kazi ya bampa za magari zamani. Hiyo si shida. Shida yangu ni kiungo tu.

mama_furaha (Goma)
Mutoto wangu, mimi naona shida ingine. Umesema mwenye boti anaitaka mwisho wa mwezi. Nusu ya makuta umekwisha kula? Kaka yangu alichukuaka pesa ya chukudu tatu, zile baiskeli za mbao za kubeba mizigo, mbele hajanunua hata mbao, mutu alikuja mpaka kwa mama yetu na kukaa kwenye kiti siku nzima, mama akauza mbuzi. Kazi ya mukono ni nzuri lakini pesa ya mutu inakufanya ukimbie fasi ya kutembea. Kama umekula, mwambie ukweli, muombe siku kumi.

mtoto_wa_ziwa
Mama, ni kweli, nilipokea nusu, dola 150, na ilikwenda kwa kodi ya nyumba. Njo maana siwezi kusimama.

mkemia_mstaafu
Naheshimu maneno ya mama ila narudi kwa swali langu, usinikimbie. Hiyo dawa, maji yake yana rangi gani? Unaipasha moto? Umeme unatoka wapi? Na wewe unafanyia wapi, nje ama ndani?

mtoto_wa_ziwa
Sawa. Ni bidoni ya lita mbili, rangi nyekundu inaelekea kahawia. Napasha kidogo kwenye mbabula, jiko la makaa, mpaka inakuwa vuguvugu kama maji ya kuogesha mutoto. Umeme ni wa batri ya gari kwa sababu ule wa nyumba unakatika ovyo, na upande wa chanya naweka kipande cha risasi. Nafanyia ndani ya chumba, ni chumba kimoja, tunalala hapo na mke wangu na mutoto wa miezi saba. Sikuandika mwanzoni kwa sababu najua mungesema niache. Dirisha nafungua kila mara, mutoto nalaza upande wa mlango. Nguzo 9 zimekwisha kupita, zimebaki 19 tu, mutu hawezi kuacha kazi katikati. Kitu kimoja tu, asubuhi tatu hizi pua inatoka damu kidogo, nafikiri ni vumbi la kiangazi.

mama_furaha
Yesu wangu. Mutoto wa miezi saba!

mkemia_mstaafu
Kijana, soma polepole. Si vumbi. Hayo maji ni asidi ya kromu, ni ile kromu ya namna mbaya, inaitwa kromu sita. Nilifanya kazi ya maabara miaka mingi, nilikaa karibu nayo, najua ninachosema. Kwenye kazi ya kromu sehemu kubwa ya umeme haitengenezi kromu, ni kama asilimia 10 mpaka 20 tu inayofanya kazi, iliyobaki inapasua maji na kutoa mapovu. Hayo mapovu yakipasuka juu yanarusha ukungu mwembamba wa asidi, hauuoni, unauvuta. Unakula nyama ya katikati ya pua, damu njo mwanzo, ukiendelea panatoboka tundu kati ya matundu mawili ya pua na haliponi tena. Na kwa mapafu inaleta kansa, hilo limejulikana siku nyingi, Ulaya tangu mwaka 2017 huwezi kuitumia bila kibali maalum. Ukungu hauendi dirishani kwa sababu umefungua dirisha. Unatua juu ya godoro, juu ya chupa ya maziwa. Zima hiyo kazi leo, si kesho.

Na jibu la swali lako, kwa sababu umeuliza kwa heshima: kromu ya mapambo kwa kawaida haiwekwagi juu ya letoni peke yake. Kinachofunika ni nikeli, kromu ni utando mwembamba tu juu yake, haifiki hata sehemu ya elfu ya milimita. Wewe umeruka nikeli. Tena risasi haipokei vizuri, mafundi wanaipitishaka kwanza kwenye shaba ya ile dawa ya bluu ambayo wakulima wanapulizia kahawa na nyanya, halafu nikeli, halafu kromu. Na kona za ndani, kromu inakimbiaka kona, hata viwandani. Hujakosea mukono, umeruka ngazi mbili.

sadiki_bagira
Mimi nasema wazi, hii hadithi ni ya kutunga. Naishi Bagira, sijaona mutu analipa dola 300 kwa boti ya kuchezea. Na kromu inataka mashini kubwa, ampea mamia, sasa huyu na batri ya gari na mbabula? Mutoto mchanga, pua ya damu, kila kitu kinakuja kwa zamu kama sinema, akibanwa anaongeza kingine. Atafuata kuomba msaada wa mobile money, mutaona.

fundi_redio_kadutu
Hata mimi nilijiuliza. Bidoni ya dawa kama hiyo haipatikani ovyo hapa kwetu.

mwana_lshi
Atupe picha.

mtoto_wa_ziwa
Simu yangu kioo kimepasuka, picha inatoka ukungu. Lakini sikumuomba mutu hata franga mia. Nikupe nini Sadiki? Nguzo ya tano tundu la juu lilizibwa na risasi, nikalifungua tena na sindano ya cherehani, nikaipinda, nikanyoosha na koleo iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze. Kichwa cha kila nguzo ni kagololi kadogo kuliko mbegu ya mtama. Mikono yangu imebadilika rangi ya chai. Kwenye kifundo cha kidole cha shahada kuna vidonda viwili vya mviringo, vimeingia ndani kama mutu alitoboa na kalamu, na haviumi hata kidogo, njo maana sikuvijali. Baba yangu alikuwa baharia kwenye ziwa hili, mimi boti nazijua tangu niko kadogo. Ukiona ni uongo, pita.

mkemia_mstaafu
Sadiki, muache. Huyu hadanganyi. Mutu anayetunga anaandika kidonda kinachouma. Vidonda vya kromu ni vya mviringo, vina ukingo mgumu, na haviumi, nimeviona kwenye mikono ya watu wawili katika maisha yangu. Na habari ya ampea, bampa ya gari inataka ampea nyingi kwa sababu ni kubwa. Nguzo ya sentimita 2, unene milimita moja, ngozi yake yote haizidi sentimita moja ya mraba, ampea 0.15 inatosha. Batri ya gari kwake ni ziwa zima.

sadiki_bagira
Kama ni hivyo naomba radhi. Nimeona hadithi nyingi za uongo. Kaka, toa mutoto humo ndani.

mtoto_wa_ziwa
Nimekusikia papa. Lakini nielewe na mimi. Kama nitahamishia uani, chini ya mti, usiku, mutoto akiwa ndani, na mimi nifunge barakoa ile ya korona? Nguzo 19 ni siku mbili.

mkemia_mstaafu
Hapana. Uani kuna watoto wa majirani na maji ya kusuuza yanamwagika chini. Barakoa ya kitambaa haizuii ukungu wa asidi. Siku mbili hizo hazimo.

papa_wa_beach (Bukavu)
Nasoma kimya tangu jana. Mimi nimefanya kazi ya boti kwenye ziwa hili kutoka kamba mpaka usukani. Sasa niulize, kromu ya nini? Boti nilizopanda mimi, gardefu yake ni bomba la chuma limepakwa rangi nyeupe, kila mwaka tunasugua kutu na kupaka tena, kwenye viungo rangi imekuwa nene kama ugali. Hakuna kromu hata kama kidole. Wewe unajiua kutafuta kitu ambacho boti yenyewe haina.

mtoto_wa_ziwa
Papa, najua. Mteja aliona picha ya boti ya matajiri wa Ulaya, akataka ing'ae hivyo sebuleni kwake.

fundi_redio_kadutu
Basi ing'ae bila sumu. Sikiliza, hii njo kazi yangu. Chukua nguzo ya letoni safi, isugue na msasa laini, paka mafuta ya kuchomelea, ipashe, igusishe risasi kidogo sana, na mbele haijaganda ifute haraka na pamba mbichi, mara moja, upande mmoja. Letoni yote inageuka nyeupe. Tafuta lehemu ya bati isiyo na plomu kwa sababu haizeeki kijivu haraka, hiyo inataka digri 220 na kitu, pasi yako ipandishe. Halafu sugua na kitambaa cha sufu. Kiungo na mwili vinakuwa rangi moja kwa sababu ni kitu kimoja, hautaona mahali risasi ilipita. Si buluu kama kromu, ni nyeupe ya kijiko. Na fimbo ndefu usichukue letoni, tafuta waya mwembamba wa inoksi, ile chuma isiyoshika kutu, huo unang'aa wenyewe, upitishe tu kwenye matundu.

mama_furaha
Na daktari wa pua usimusahau.

mtoto_wa_ziwa
Bandugu, leo ni siku ya tatu, narudi. Mke na mutoto walikwenda kwa bibi, mtaa wa Panzi, usiku ule ule. Bidoni nimefunga, nimeiweka ndani ya ndoo yenye kifuniko, na maji ya kusuuza na vitambaa nimeweka humo humo. Nilitaka kumwaga chooni, nikakumbuka choo chetu kinateremkia ziwani na watu wanachota. Papa mkemia alinieleza niende maabara ya kemia ya chuo, wanajua kuigeuza kutoka nyekundu mpaka kijani, huko inakuwa hafifu, mimi nisijaribu. Nakwenda kesho asubuhi. Godoro tumelitoa, sakafu na ukuta nimepangusa na kitambaa kibichi mara tatu, sikufagia.

Daktari aliangalia pua na taa. Ngozi ya katikati imechubuka lakini haijatoboka. Alinipa mafuta ya kupaka na akaniuliza kama nachimba madini.

Mteja nilimupigia simu, sauti ilitetemeka. Nilimuambia boti ya kweli ina gardefu nyeupe na kwamba namfanyia ya bati inayong'aa, kama hataki nitamurudishia 150 kwa miezi mitatu. Alinyamaza, halafu akasema niilete ile nguzo aione.

mkemia_mstaafu
Zile 9 za kromu zioshe vizuri na maji mengi ndani ya ndoo hiyo hiyo. Kromu ikishakuwa chuma haina shida.

mtoto_wa_ziwa
Nimeziosha. Ila ziko za rangi ingine, sitazichanganya.

Nguzo ya kwanza ya bati niliichoma, risasi ilibaki na matone chini. Ya pili nilifuta nikiwa nimechelewa, ikawa na mistari kama mukono wa mutu mzee. Ya tatu nilihesabu moja, mbili, nikavuta pamba. Nimeishika hapa kwenye mwanga wa dirisha, natafuta kiungo na kucha, sikioni. Fundi, ile sufu, ni ya sweta ama ya blanketi?

fundi_redio_kadutu
Sweta kuukuu. Blanketi inaacha nyuzi kwenye magololi.