Ligi Kuu ya soka Tanzania Bara: kwa nini timu 16 na si 20?

Mzee wa Viporo: Wakuu, 2018/19 na 2019/20 Ligi Kuu ilikuwa na timu 20. Ikaja 18, kisha 16. Idadi hupangwa kwa kigezo gani, na timu zinapunguzwaje?

Kalamu ya Kati: Kalenda kwanza. Nyumbani na ugenini, timu 16 ni raundi 30, mechi 240. Timu 20 ni raundi 38, mechi 380. Agosti hadi Mei una wiki kama 40; toa mapumziko ya FIFA ya kupisha mechi za timu za taifa (Septemba, Oktoba, Novemba, Machi), toa AFCON ikiangukia Januari, halafu Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani nalo litafutiwe nafasi. Raundi 38 hazienei bila kucheza katikati ya wiki. Na umbali wetu mnaujua: misimu ile ya timu 20 Kagera Sugar ya Bukoba na Ndanda ya Mtwara zilikuwa ligi moja. Nauli, hoteli, posho, vyote vya klabu.

Beki Tatu: Ongeza CAF, yaani mashindano ya klabu Afrika. Timu ikianzia raundi ya awali ikafika fainali imecheza mechi 16 za ziada. Hapo ndipo viporo, yaani mechi za ligi zilizoahirishwa, vinazaliwa, na mwenye viporo anacheza akijua tayari wenzake wamevuna nini. Msimamo unakuwa wa kubahatisha hadi Aprili.

Kalamu ya Kati: Kupunguza ni hesabu ya kushuka na kupanda. 2019/20 zilishuka nne moja kwa moja, zikapanda mbili: 20 − 4 + 2 = 18. Mbao ya Ligi Kuu na Ihefu ya daraja la chini zilibadilishana kupitia mchujo (mechi za kuwania nafasi), ambao wenyewe hauongezi wala haupunguzi. 2020/21 ikarudiwa, tukafika 16. England walifanya hivyohivyo 1994/95, kutoka 22 hadi 20. Sharti: kanuni itoke kabla ya mechi ya kwanza. Ukiitangaza katikati ya msimu, anayeshuka ana kesi nzuri tu. Tena daraja la chini limepokea nne na kutoa mbili, hivyo nalo lishushe mbili zaidi, la sivyo linavimba.

Mzee wa Viporo: Na 17 je, kama suluhu ya kati?

Beki Tatu: Hasara tupu, mkuu. Idadi ikiwa witiri, yaani haigawanyiki kwa mbili, kila raundi timu moja inakaa nje. Timu 17 zinakula raundi 34, sawasawa na 18, ila unapata mechi 272 badala ya 306. Na raundi ya mwisho, ambayo mechi zote huanza kwa wakati mmoja ili watu wasipange matokeo, kuna mmoja atakuwa ameshamaliza ligi yake, anatazama tu.