Santuri ya Mike Lundy (1980): ukungu na kupinda, naombeni ushauri

Habari wadau wa santuri. Nina nakala ya kwanza ya albamu ya Mike Lundy iliyotoka Hawaii 1980, si ile iliyotolewa upya na lebo ya Aloha Got Soul, kwa hiyo sitaki kubahatisha.

Upande A una madoa meupe ya ukungu, unyevu wa visiwani huo. Nimeiosha mara mbili: maji ya betri yasiyo na asidi sehemu nne, spiriti ya aisopropili sehemu moja, matone mawili ya sabuni ya vyombo, kisha nikaisuuza. Madoa yametoka, lakini mchakacho kama wa mafuta yanayokaanga umebaki, hasa besi inapotulia.

Upande B, ukingo umeinuka kama milimita 3. Sindano ikikandamiza kwa uzito wa gramu 1.8 inaruka wimbo wa kwanza; kwa gramu 2 inashika, ila ndio mwisho wa uwezo wake.

Naomba kujua:
Mchakacho huo ni mabaki ambayo dawa ya kusafishia yenye vimeng'enya (enzaimu) itayatoa, au ukungu umeshakula mifereji inayopita sindano?
Na kunyoosha kati ya vioo viwili, mliofanikiwa mlitumia joto la nyuzi ngapi na muda gani bila kulainisha mifereji?